Mwendo ni wa Mzigo, si wa Injini

Wengi wenu mmeyaona yale magari ya Wazungu yanayofika pwani yetu, Tiwi na Diani, yakiwa yamejengwa nyumba juu yake. Huegeshwa chini ya minazi, mlango ukafunguliwa ubavuni, na mle ndani mkawa na kitanda, jiko, meza, tangi la maji na hata choo. Watoto huyazunguka kwa mshangao, wakachungulia madirishani na kuulizana: "Ala! Hawa wamehama na nyumba yao?" Kwa kukosa jina jingine, mimi naliita gari la namna hiyo gari-nyumba.

Zamani nilidhani kuwa kuliendesha gari-nyumba ni sawa na kuendesha gari lolote jingine. Si usukani ni ule ule, na breki ni ile ile? Lakini mwezi wa Juni mwaka 2019 Mwenyezi Mungu alinijaalia kupanda gari la aina hiyo, nikaenda nalo safari ya siku tano katika milima ya Uskoti. Yaliyotupata siku ya kwanza ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu, kwani nimeona kuwa yanatuhusu sana hata sisi tusio na magari hayo.

SHEHENA YA NYUMBA NZIMA

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, amekaa Glasgow miaka mingi na huko ndiko alikooa na kuzaa. Mwaka ule alituita mimi na mama yake tukamtembelee. Tulipokwisha pumzika, akasema anataka kututembeza mpaka kisiwa cha Skye, kaskazini-magharibi, na ili mama yake asipate taabu ya kulala hapa na pale amekodi gari-nyumba.

Dada yangu akauliza, "Kisiwa? Basi si twende kwa chombo?"

Mpwa wangu akacheka. "Mama, siku hizi kuna daraja. Lilifunguliwa mwaka 1995."

Asubuhi ya safari tulipakia mizigo. Ndugu zangu, nyinyi mnawajua watu wa kwetu wakisafiri! Mkaza mwana alileta gunia la mchele, nyama ya halali iliyogandishwa, viazi, vitunguu na sufuria la pilau la kulisha watu thelathini, ilhali sisi tulikuwa watu sita. Dada yangu naye alileta mbuzi ya kukunia nazi aliyoibeba toka Mombasa, akasema hawezi kula wali usiotiwa nazi ya kukuna kwa mkono. Zikaja blanketi, mikeka, majagi, na mpwa wangu akajaza tangi la maji mpaka pomoni. Sufuria halikupata pa kukaa, likaegemezwa juu ya kitanda cha nyuma.

Yule aliyetukodisha gari alikuwa ametupa karatasi na kutueleza mambo mengi, lakini mpwa wangu alitia sahihi haraka haraka kwa kuwa tulikuwa tumechelewa. Mimi niliisoma ile karatasi njiani, tukiwa tumekwisha toka mjini. Ilisema kwamba gari lile pamoja na vyote vilivyomo lisizidi kilo 3,500. Likiwa tupu lilikuwa na uzito wa karibu kilo 3,000. Basi nikapiga hesabu ya kidukani: sisi sita, hata ukiwatoa watoto kuwa ni wepesi, hatupungui kilo 350. Lita 100 za maji ni kilo 100. Zimebaki kilo 50 za mchele, nyama, mikeka, mitungi ya gesi, sufuria na mbuzi ya nazi! Nikajua kwamba tumezidisha. Nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu, na nalikiri mbele yenu.

KUTOKA GLASGOW

Barabara ya kwenda kaskazini hupita kando ya ziwa liitwalo Loch Lomond. Mahali pengine upande mmoja ni jabali na upande wa pili ni maji, na barabara yenyewe ni nyembamba, kona juu ya kona. Gari letu lilikuwa na upana wa zaidi ya mita 2, urefu wa karibu mita 7, na kimo cha karibu mita 3. Kila lori lilipotujia mbele, nilivuta pumzi na kuingiza tumbo ndani, kana kwamba tumbo langu ndilo lililokuwa likizuia njia.

Huko mpwa wangu alikwenda pole pole kwa kulazimika. Lakini tulipovuka ziwa na kupita Tyndrum, nchi ikafunguka. Mbele yetu kulikuwa na uwanda mpana uitwao Rannoch Moor, hauna miti wala nyumba, ni majani, vidimbwi na mawingu tu, na barabara imenyooka. Mpwa wangu akaukanyaga mguu.

Nikamwambia, "Mwanangu, taratibu. Hatukimbizwi."

"Mjomba, usiwe na wasiwasi. Barabara hii si ile ya Mazeras. Na sheria inaniruhusu."

Na kweli alikuwa akisema. Sheria ya huko inaruhusu gari-nyumba ambalo likiwa tupu halizidi kilo 3,050 kwenda maili 60 kwa saa katika barabara kama ile, yaani karibu kilomita 97. Likizidi uzito huo, mwisho wake ni maili 50, kama kilomita 80. Letu lilikuwa chini ya mpaka huo kidogo tu. Mshale wa mwendo ulikuwa umesimama kwenye 60 barabara. Hakuvunja sheria hata kidogo.

Lakini sheria inakwambia mwisho wa mwendo wako ni wapi. Haikwambii kwamba mwendo huo unakufaa. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka ubavuni, na gari lenye kuta ndefu kama lile ni tanga. Kila lilipokuja lori kubwa kutoka mbele, hewa ilitupiga kwanza ikatusukuma pembeni, kisha lori likishapita ikatuvuta kama inayotaka kutunyakua. Mpwa wangu alikuwa akipigana na usukani huku akitabasamu ili sisi tusijue.

Hapo dada yangu akasema anataka maji anywe dawa yake ya shinikizo la damu. Mjukuu wetu, msichana wa miaka sita, mwenye adabu na moyo wa kuhudumia wakubwa, akafungua mkanda wake, akasimama na kwenda kwenye bomba kumletea bibi yake maji. Hakuna aliyemkataza. Kwa nini tumkataze? Si yuko nyumbani? Jiko lile pale, bomba lile pale, meza ile pale. Ndivyo gari-nyumba linavyokuhadaa. Unasahau kuwa nyumba inakimbia.

Mara kulungu akachomoza kutoka kwenye majani, akaingia barabarani, akasimama kututazama.

Mpwa wangu alishika breki kwa nguvu zake zote. Gari likapiga kelele. Makabati mawili yakafunguka, vikombe vikamwagika. Mtoto akarushwa mbele, paji la uso likagonga ukingo wa meza. Na lile sufuria la pilau likaruka kutoka kitanda cha nyuma, likapita kando ya kichwa cha mtoto kwa kiasi cha kiganja, likaja likagonga mgongo wa kiti changu kwa kishindo nilichokisikia mpaka mifupani.

Gari lilisimama hatua chache kutoka kwa kulungu. Akatutazama tena kidogo, kisha akaondoka zake kwa maringo.

HESABU YA BREKI

Alhamdulillahi, mtoto alikuwa hai na akili zake timamu. Alipasuka juu ya nyusi, damu ikamjaa usoni, na tulipofika Fort William alishonwa nyuzi tatu. Lakini wallahi, lau sufuria lile lingepita upande wa kushoto kidogo, leo nisingekuwa naandika makala, ningekuwa natoa taazia.

Tulisimama kando ya barabara. Mpwa wangu alikuwa ameshika usukani na mikono ikimtetemeka. Sikumkemea. Mtu aliyekwisha kemewa na Mungu hahitaji mjomba. Lakini baadaye, baada ya mtoto kutibiwa na sisi kuswali adhuhuri na alasiri zetu za msafiri juu ya majani, nilimwonyesha hesabu iliyomo katika kitabu cha sheria za barabara cha huko Uingereza, ambayo kila mwanafunzi wa udereva hufunzwa.

Gari dogo, barabara ikiwa kavu, likienda maili 30 kwa saa huhitaji mita 23 ili lisimame. Katika hizo, mita 9 zinakwisha kabla mguu haujafanya kazi, yaani wakati jicho linaona na akili inaamua, na mita 14 ni za breki yenyewe. Sasa ongeza mwendo uwe maili 60. Mtu atadhani kwamba kwa kuwa mwendo umekuwa mara mbili, basi na kusimama kutakuwa mara mbili. La! Mita za kuamua zinakuwa 18, lakini za breki zinakuwa 55. Jumla ni mita 73. Mwendo ukizidi mara mbili, kazi ya breki inazidi mara nne.

Na hiyo ni hesabu ya gari dogo. Ongeza mzigo wa nyumba, ongeza maji yanayokwenda mbele na nyuma ndani ya tangi, ongeza mvua, uone utafika wapi. Tena breki inalisimamisha gari tu. Haiwasimamishi watu wala sufuria. Chochote ambacho hakikufungwa kinaendelea na safari yake kwa mwendo ule ule wa kilomita 97, mpaka kikutane na cha kukizuia. Kizuizi hicho aghalabu ni kichwa cha mtu.

Na faida ya kukimbia ni ipi? Kilomita 100 kwa mwendo wa kilomita 80 ni saa moja na robo. Kwa mwendo wa kilomita 100 ni saa moja. Umepata robo saa, na hiyo ni pale tu ambapo njia imenyooka mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo halipo. Na sisi haraka yetu ilikuwa ya nini? Juni katika nchi ile jua huzama baada ya saa nne usiku! Mchana ulikuwa mrefu mpaka dada yangu akalalamika kwamba magharibi ya huko haiji. Tulikuwa na wakati wa kumwaga, lakini tulikimbia kana kwamba tunafukuzana na mwadhini.

MANENO YA NAHODHA

Marehemu baba yetu alikuwa nahodha wa jahazi la boriti kutoka Lamu. Mimi nilifuatana naye mara chache nilipokuwa kijana. Nakumbuka siku moja chombo kilipakiwa mpaka maji yakakaribia ukingo, na juu ya boriti wakapandishwa akina mama na watoto waliokuwa wakienda msibani. Upepo wa kusi ulikuwa mzuri. Mabaharia walitaka tanga kubwa lipandishwe ili tuwahi. Baba akakataa, akaamuru tanga dogo.

Baharia mmoja akanung'unika, "Nahodha, upepo kama huu tunauacha?"

Baba akamwambia, "Upepo si wangu. Mzigo ndio wangu."

Maneno hayo niliyasahau kwa miaka zaidi ya hamsini, yakanirudia kando ya barabara katika nchi ya Waskoti, nikiwa na sufuria lililobonyea mkononi. Nilimweleza mpwa wangu, na mama yake akaitikia kwa kichwa, kwani naye alimjua baba vizuri. Dereva wa siku hizi hupima mwendo wake kwa nguvu za injini au kwa uzuri wa barabara. Nahodha hupima kwa alichopakia. Injini ya gari lile iliweza kutupeleka kwa kasi kubwa kuliko ile. Barabara nayo iliruhusu. Mzigo ndio uliokataa, na hakuna aliyeuuliza.

Kuanzia hapo hatukupita maili 45 kwa saa, kama kilomita 72, na kila tulipoona magari yamejipanga nyuma yetu tulitafuta mahali palipopanuka tukajitenga, yakapita. Wengine walitupungia mkono. Tulipofika kwenye daraja la Skye, ambapo huwekwa maonyo ya upepo kwa magari ya kimo kirefu, tulivuka pole pole kama bibi arusi anayeingia ukumbini. Na tulifika. Pilau ikapikwa ndani ya sufuria lile lile lenye kibonyeo.

MAFUNZO YA MZEE WA KISKOTI

Kambini tulipangana na mzee mmoja wa Kiskoti na mkewe, waliozeeka katika mambo ya magari-nyumba. Alipoliona jeraha la mtoto na kusikia kisa, hakucheka wala hakutulaumu. Alitoka na kikombe chake cha chai, akatuzungusha gari letu kama mwalimu wa chuo na wanafunzi wake.

Kwanza alisema tumwage maji. Tangi lijazwe robo tu ya kunawia na kunywea njiani, kwani maji yako kambini na hakuna haja ya kuyabeba kama hirizi. Vizito vyote vishuke chini, sakafuni, katikati ya magurudumu, na vifungwe kamba. Juu kabatini ziwekwe nguo na mikate. Mitungi ya gesi ifungwe kabla ya kuondoka. Ngazi ya mlangoni irudishwe ndani, madirisha ya darini yafungwe, kila kabati livutwe kwa mkono kuhakikisha limeshika. Kisha kimo cha gari kiandikwe kwenye karatasi na kubandikwa mbele ya dereva, kwa maana wengi wameyakata mapaa ya magari yao chini ya madaraja kwa kusahau kwamba wamebeba dari.

Akatuonyesha mkia wa gari. Nyuma ya magurudumu ya mwisho kulikuwa na karibu mita mbili za nyumba zinazoning'inia. Ukikata kona kwenda kulia, mkia huo hutoka nje kwenda kushoto, ukamfagia aliyesimama hapo. Akasema kwenye mteremko usiitegemee breki peke yake, kwani ikipata moto sana inalegea. Teremka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Hapo nilifurahi, maana neno hilo nalijua tangu enzi za malori ya kwetu.

Mwisho aliinama kwenye tairi, akatuonyesha tarakimu nne zilizochapwa ubavuni. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lililoandikwa 2316 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Gari-nyumba hukaa miezi bila kwenda, na tairi lake huzeeka ndani ilhali meno yake bado mapya. Likiongezwa mzigo na joto la kasi, hupasuka. Basi usilihukumu tairi kwa meno, lihukumu kwa umri.

Mpwa wangu alimwuliza kuhusu njia ya Applecross, ng'ambo ya pili, ambayo alikuwa ameiona katika picha. Njia hiyo hupanda mlima uitwao Bealach na Bà hadi mita 626 juu ya bahari, na mahali pengine kila mita 5 unazokwenda unapanda mita 1, kwa kona za kujikunja kama nyoka. Mzee akamwambia kwamba chini ya mlima kuna kibao kinachowashauri wenye magari makubwa sana, wenye kukokota nyumba na madereva wanafunzi wasiende. "Na kama una shaka iwapo gari lako ni kubwa," akasema, "basi ni kubwa." Hatukwenda.

ADABU YA KUPISHANA

Jambo lililonipendeza zaidi kisiwani ni barabara za njia moja. Ni nyembamba, gari moja tu linaenea, lakini kila baada ya masafa kidogo kuna mahali palipopanuliwa pa kupishana. Huko watu huendesha upande wa kushoto kama sisi. Ukimwona mwenzio anakuja, na mahali pa kupishia pako kushoto kwako, unaingia hapo unamngoja. Pakiwa kulia, unasimama mkabala napo, yeye akazunguka. Anayeshuka humpisha anayepanda inapowezekana. Anayekuja nyuma yako kwa haraka zake, unajitenga umwache aende. Na ni aibu kuegesha hapo kupiga picha, kwani pale ni mahali pa watu wote.

Kila wanapopishana, huinua mkono kusalimiana. Dada yangu alipoona hivyo akaanza naye kuinua mkono dirishani na kusema, "Waaleikumu salamu," ingawa hakuna aliyemtolea salamu ya namna hiyo. Lakini nilitafakari. Sisi tulifundishwa chuoni tungali wadogo kwamba njia ina haki zake, na kwamba kuondoa njiani kile kinachowaudhi watu ni katika imani. Tulidhani maana yake ni mwiba na jiwe tu. Je, mwendo wa kuogofya si mwiba? Gari lililoziba njia kwa kiburi si jiwe?

NA SISI JE?

Huenda msomaji akasema, "Haya ni ya Ulaya. Mimi sina gari-nyumba." Ngoja kidogo.

Ikifika siku ya arusi ya Malindi, au Maulidi ya Lamu, au tukiitwa msibani Kilifi, huwa tunafanya nini? Tunakodi matatu au basi, tunapakia masufuria, mapipa ya maji, vikapu vya maandazi, mikeka na busati. Mtoto hupakatwa, wa pili akasimama katikati ya viti. Mkoba wa vyombo huwekwa miguuni pa bibi kizee. Ndugu zangu, hilo si gari-nyumba? Tena ni nyumba iliyojaa kupita ile yetu ya Uskoti!

Na nani humkimbiza dereva wetu? Tusimsingizie yeye peke yake. Ni sisi. Akina mama wanapiga vigelegele na makofi, vijana wanapiga kelele, "Dereva, tia moto!", na mzee mmoja nyuma anatazama saa na kusema nikahi itatupita. Dereva anayekwenda pole pole tunamwita mwoga. Anayeyapita magari kwenye kona tunamsifu hata baada ya kushuka. Sisi abiria ndio tunaomkanyagia mafuta kwa ndimi zetu.

Sheria tunazo. Kanuni zilizoanza kutumika Februari mwaka 2004, wakati marehemu John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, zililazimisha matatu na mabasi kutiwa vidhibiti mwendo visivyopita kilomita 80 kwa saa, na kila abiria awe na mkanda. Wengi tunakumbuka jinsi tulivyoifunga ile mikanda siku za mwanzo. Leo mara nyingi mkanda tunaukalia, na ukiufunga jirani yako anakutazama kama mgeni.

Basi nawaombeni mambo machache, na wala hayana gharama kubwa. Kabla gari la arusi halijaondoka, mtu mzima mmoja apewe kazi ya kutazama mizigo, kila kizito kikae chini na kifungwe kamba. Watoto wakae vitini mwao, wenye kiu wangoje gari lisimame. Mtu asome tarakimu za tairi, hasa la mitumba, kabla ya kutazama meno yake. Safari ianze nusu saa mapema, ili pasiwe na wa kumhimiza dereva. Na tukishaomba dua ya kupanda chombo, tusigeuke tukamwambia dereva atende kinyume cha tulichokiomba.

Msichana wetu sasa ameshakuwa mkubwa. Juu ya nyusi yake limebaki kovu dogo, ambalo bibi yake huliita alama ya kulungu. Kila tunapozungumza kwa simu nami niko garini, iwe naelekea Likoni au Mtwapa tu, swali lake la kwanza ni lile lile: "Babu, umefunga mkanda?"

Nami humjibu, "Nimefunga, mwanangu. Na sufuria pia tumelifunga."